Mzee wa Matangi na Vidole Vyake

Hakuwa mtu wa kukugusia tangi kabla hujaungama. Ungefika kwenye kibanda chake na tangi lako la pikipiki limebonyea vibaya, una haraka, mvua ya Eldoret inanyemelea kutoka upande wa Kaptagat, na yeye asinyooshe hata mkono kulipokea. Angekutazama juu ya miwani yake, akuonyeshe kiti kisicho na mgongo, kisha aulize kwa upole wa mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Ilikuwaje?"

Hapo ndipo wengi walipoharibu. Walidhani ni salamu.

Tukiwa pembeni tulimwita Mzee wa Matangi, mbele yake tukimwita Mzee tu. Alitengeneza matangi ya petroli ya pikipiki na hakutengeneza kitu kingine. Ukimletea madigadi alikuelekeza kwa jirani. Ukimletea sufuria ya mama yako iliyobonyea alikuuliza kama inatumia petroli. Kibanda chake kilikuwa huko jua kali, kimebanwa na wachomeleaji wa milango, na ng'ambo ya kijia cha matope alikuwapo jamaa wa rangi, ambaye nitamrudia kwa sababu sote tulimrudia.

Naandika habari zake kwa sababu vidole vyake vilianza kumwacha, na sisi tuliompenda tulikaribia kummaliza kwa upendo wetu. Nimejitahidi kulisema hilo kwa namna inayotupa heshima kidogo, nimeshindwa.

Mimi kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mkulima akimwona ng'ombe wake yuko kwenye joto ananipigia simu, nami natoka na pikipiki, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma, leo Ainabkoi, kesho Plateau, keshokutwa kwenye vilima vya Kaptagat nikipishana na wanariadha ambao hawapumui kama watu wengine. Watu huniita Daktari na mimi siwakatazi. Joto la ng'ombe halisubiri mtu, kwa hiyo nakimbia, na kwa sababu nakimbia naanguka. Nimeanguka mara nyingi kuliko ninavyomwambia mume wangu.

Mara ya kwanza nilipompelekea Mzee tangi langu, nilimwambia ng'ombe alipiga teke. Niliona ni uongo unaonifaa. Mtu wa ng'ombe akisema ng'ombe, nani atabisha?

"Ng'ombe," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Friziani mkubwa."

Aliinama akaliangalia lile tangi bila kuligusa. "Huyo Friziani ako na kwato ya mraba?"

Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Na amepakwa rangi ya kijani. Ona, amekuachia kidogo hapa kando."

Akarudi kwenye chai yake. Aliinywa hadi chini, akafungua gazeti la wiki iliyopita, akasoma ukurasa wa matangazo ya vifo wote kana kwamba anatafuta jina langu. Mwishowe nikaona nitalala pale. Nikasema ukweli: nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja, wa pili nampungia mwalimu fulani aliyekuwa amesimama nje kwake, na nilijua kabisa kwamba siku hiyo nimependeza, nikaingia kwenye lango lake la kijani.

Alikunja gazeti. "Sasa hiyo ndiyo denti," akasema. "Hiyo nitaitoa."

Yule mwalimu siku hizi ndiye mume wangu. Bado anadai kwamba nilibisha hodi kwa nguvu kupita kiasi.

Mzee alikuwa na sababu ya kiufundi ya kutuungamisha, na aliitoa kwa kila aliyelalamika. Bati likipigwa linakunjika kwa njia fulani, alisema, na lazima lirudishwe kwa njia ileile likienda kinyume. Ukimdanganya pigo limetoka wapi, atasukuma upande usiofaa, na bati litapasuka. Maelezo mazuri sana, na ya kweli. Lakini sote tulijua kwamba yeye huwa ameshausoma mbonyeo wenyewe kabla hujaketi. Siku moja nilimwuliza, "Mzee, kama wewe unajua, mbona unatusumbua?"

"Nataka kujua kama wewe unajua," alisema.

Kisa nilichokipenda zaidi ni cha mwinjilisti mmoja, mtu mnene wa suti, aliyeleta tangi akasema pikipiki ilianguka ikiwa imeegeshwa tu nje ya kanisa. Mzee aliitikia kwa heshima zote. Kisha akamwuliza stendi ya pikipiki yake iko upande gani.

"Kushoto," alisema mwinjilisti. "Ziko kushoto zote."

"Kwa hivyo ikiwa imesimama inalalia kushoto."

"Ndiyo."

"Na ikianguka inaangukia kushoto."

Mwinjilisti aliangalia tangi lake, ambalo lilikuwa limebonyea kulia, na tukamwona akihesabu njia zilizobaki. Hazikuwa nyingi. Akakubali kwamba alikuwa kwenye kilima cha Kaptagat, akamkuta mkimbiaji mmoja anapanda peke yake, naye akaona aibu kupitwa na mtu wa miguu. Akaongeza mafuta. Alipompita, aligeuka nyuma aone kama yule kijana ameumia moyoni, na mtaro ukampokea. Mkimbiaji ndiye aliyemvuta nje, tena bila kuhema. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Pole, Pasta," na akalishika tangi. Alilitengeneza siku hiyohiyo na hakumcheka hata mara moja hadi yule mtu alipotokomea. Baada ya hapo alicheka hadi akaketi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alimwaga petroli yote, akaliosha tangi kwa maji ya omo mara tatu, akalijaza maji safi, akaliacha likae, akayamwaga, kisha akaweka pua kwenye mdomo wa tangi na kunusa. Likinuka petroli hata kwa mbali, alianza upya. Halafu alichukua fimbo zake. Zilikuwa vyuma vya kujengea nyumba alivyovikunja mwenyewe, kila kimoja kwa pembe yake, ili viingie kwa mdomo wa tangi na kufika chini ya mbonyeo. Alikuwa nazo saba, na alizipa vyeo vya kamati ya kanisa lake, ambayo alikuwa ametofautiana nayo kuhusu jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka isipokuwa yeye. Fimbo iliyonyooka na isiyofika popote iliitwa Mwenyekiti. Iliyopinda kuliko zote iliitwa Mweka Hazina. "Huyu anaingia mahali popote," aliniambia akiiinua, na uso wake ulikuwa mtakatifu kabisa.

Fimbo moja ndani, nyundo ndogo nje, tik, tik, tik. Kisha alifumba macho na kupitisha vidole juu ya bati, kutoka kwenye kifuniko kushuka hadi pembeni, polepole. Akipata kitu alisimama, akaweka alama ya chaki, akapiga mara mbili, akapapasa tena. Mimi nilielewa kuliko wateja wengine. Kazi yangu nayo ni ya mkono kuingia gizani na kujua kilichopo. Alipogundua hilo alifurahi sana, akaanza kunitambulisha kwa watu kama fundi mwenzake. "Huyu naye anapapasa," alikuwa akisema, na mimi nikaanza kufika pale hata tangi likiwa zima.

Chuki yake kubwa ilikuwa filla. Kwa wasioijua, ni dawa nzito ya kopo ambayo mafundi wengi huipaka kwenye mbonyeo, ikakauka, wakaipiga msasa, wakapaka rangi juu, na tangi likaonekana jipya. Mzee alisema huko ni kumpaka mgonjwa poda na kumwambia amepona. Jamaa wa rangi, aliyekuwa akiishi kwa filla, alimwamkia kila asubuhi, akamletea chai, na walikuwa wamezoeana hata wakawa wanagombana kuhusu stesheni ya redio. Lakini kwenye jambo hilo Mzee hakulegeza. Tangi lake lilitoka likiwa bati tupu, laini, na wewe ukalivusha kijia likapakwe rangi, rangi tu.

Na alikuwa amejiwekea sharti. Alilisema mbele ya watu, zaidi ya mara moja, hasa akimwona fundi mwingine akichota filla. "Siku nitatoa tangi ikiwa na wimbi, hata moja, nafunga hii kibanda, naenda nyumbani kuchunga kuku." Wimbi lilikuwa ni ule mkunjo mdogo usioonekana kwa macho, unaousikia tu mkono ukipita. Watu wa boda walipenda kumnukuu. Ilikuwa fahari yetu kuwa na mzee wa namna hiyo.

Nisije nikamfanya malaika, hakuwa. Huyu mtu aliyetudai ukweli alikuwa mwongo wa kupigiwa mfano kuhusu mwili wake. Ugonjwa wa sukari ulimshika miaka mingi, na mkewe, mama mmoja mpole anayelima mboga nyuma ya nyumba yao, alikuwa amewaomba wauza chai wote wa pale wasimtilie sukari. Mzee alibeba sukari yake mfukoni ndani ya kichupa cha dawa, akaitia huku akitutazama machoni, akasema daktari ndiye aliyeagiza. Dawa zenyewe za kweli alizisahau kwa uaminifu mkubwa.

Kitu kingine, hakuwahi kupanda pikipiki. Miaka yote hiyo alitembea kwa miguu kutoka kwake hadi kazini, mvua au matope. Siku moja nilimkuta njiani amelowa, nikasimama na kumwambia apande nimfikishe. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Mimi nimeona hizo vitu ndani," alisema. "Najua mnakalia nini."

Nikamwuliza, basi mbona anatutengenezea. Akasema mchimba kaburi naye hana haraka ya kuingia. Kisha akaendelea na safari yake, na mimi nikamsindikiza kwa gia ya kwanza hadi mjini, kama mlinzi wa rais.

Vidole vilianza kumwacha bila yeye kututangazia. Wenye sukari wanaijua hali hiyo: ganzi inaanza kwenye miguu, inapanda, inafika mikononi. Kwanza alilaumu baridi, na kweli baridi ya hapa ni ya kulaumiwa. Akavaa glavu za sufu zilizokatwa ncha. Kisha akalaumu nyundo, akanunua nyingine. Kisha siku moja alikuwa ameziba tundu la tangi kwa risasi ya kuyeyusha, na bado bati ni la moto, akaweka kiganja pale pale akaendelea kutuhadithia habari za kamati ya kanisa. Jamaa wa rangi ndiye aliyeona. Aliruka kijia, akamshika mkono na kuuinua. Kiganja kilikuwa kimeungua. Mzee alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Imekomaa hii," alisema. "Haisikii upuuzi."

Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo sote tulijua, na yeye peke yake ndiye aliyeamini kwamba hatujui.

Matangi yakaanza kutoka yakiwa na mawimbi. Madogo, lakini yapo. Alifumba macho kama zamani, akapitisha vidole kama zamani, na vidole vikapita juu ya mkunjo bila kusimama. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka yote niliyomjua. Alilisukuma tangi mbele ya mteja akauliza, "Iko sawa?"

Zamani hakumwuliza mtu. Yeye ndiye aliyekuambia kwamba iko sawa, na kama ulikuwa na maoni ulikwenda nayo nyumbani. Tulidhani ni uzee umemletea adabu.

Mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa kijana wa boda anayeegesha karibu na soko, mwenye mdomo mkali kuliko wote. Alipapasa, akalisikia wimbi, akamwangalia Mzee, akalikumbuka lile sharti la kufunga kibanda. "Iko poa kabisa, Mzee," alisema. Kisha akavuka kijia na kumnong'oneza jamaa wa rangi atie filla kidogo kabla ya rangi. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Hatukukaa kikao, lakini baada ya mwezi ikawa ni utaratibu. Mzee akiuliza unasema iko sawa, unavuka, unaingia kwa jamaa wa rangi kupitia nyuma ili Mzee asione unachopakwa. Mlango wa nyuma wa jamaa wa rangi ulikanyagwa hadi pakawa na njia. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi hiyo kwa huzuni, na akipiga msasa aliongeza sauti ya redio, Mzee akapiga kelele apunguze.

Na mimi nilifanya. Mwaka jana nilipeleka tangi baada ya kuteleza kwenye daraja la magogo. Niliungama vizuri, Mzee akapiga, akapapasa, akanisukumia. "Daktari, wewe ni fundi. Iko sawa?"

Nikaweka mkono. Karibu na goti, pale tangi linapoingia ndani, kulikuwa na wimbi la urefu wa kidole. Mkono wangu hauwezi kukosa kitu kama hicho, ndio unaonilisha. Nikamtazama. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na miwani imeshuka.

"Iko sawa, Mzee," nikasema.

Akashusha pumzi. Akaniambia nisalimie mwalimu. Nami nikazunguka kwa nyuma nikapakwa filla, na nilipofika nyumbani nilijiona mtu mwema. Nalisema hili kwa aibu: nilijipenda sana jioni ile.

Mkewe nilikutana naye baadaye sokoni, akauza sukuma wiki huku akiniuliza kwa sauti ya chini kama Mzee bado anafanya kazi nzuri. Nikamwambia hakuna kama yeye. Akasema afadhali, maana siku kibanda kitakapofungwa, yule mtu hatamaliza mwaka. Akiketi nyumbani siku moja tu ya sikukuu anaanza kupanga upya vijiko. Tukacheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka, na mimi nikaondoka nikiwa na hakika zaidi kwamba uongo wetu ulikuwa dawa.

Mwaka huu, watu wakipanda mahindi, nilianguka tena. Njia ya Plateau ilikuwa telezi, pikipiki ikalala upande wa kulia juu ya jiwe, na tangi likabonyea pale pale karibu na goti. Nilimpelekea Mzee bila hata kufikiri. Nilikaa kwenye kiti kisicho na mgongo nikaungama kwa sentensi mbili. Akaridhika. Akamwaga, akaosha, akajaza maji, akamwaga, akanusa. Akamwingiza Mweka Hazina, akachukua nyundo, akapiga mara ya kwanza.

Kipande cha kitu cheupe, cha ukubwa wa nusu chapati, kikabanduka kwenye tangi kikaanguka mezani na rangi yangu nyekundu ikiwa juu yake.

Mimi nilijua ni nini kabla hakijatulia. Mzee alikiokota. Akakigeuza, akakinusa, akakivunja kwa kidole gumba. Kisha akainama karibu kabisa na bati lililobaki wazi. Pale palikuwa na vidoti vidogo vya nyundo vimejipanga mistari, na hakuna fundi mwingine mji huu anayepiga mistari namna ile.

"Hii ni yangu," alisema akigusa bati. Akaweka chini kile kipande. "Na hii si yangu."

Nikaanza kukusanya unga mweupe mezani kwa kiganja.

"Daktari. Mwaka jana nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mzee."

"Ukasema iko sawa."

"Haikuwa sawa. Kulikuwa na wimbi, hapa. Nililisikia."

Ng'ambo ya kijia redio ilizimwa. Jamaa wa rangi alikuwa amesimama na mashine yake ya kupulizia mkononi, anatutazama, na Mzee akamtazama yeye, akautazama mlango wake wa mbele ambao siku hizi haukuwa na watu, akarudi kwangu.

"Ni wewe peke yako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi ulishajiandaa. Lakini nilikuwa nimekalia kile kiti, na sikuweza.

"Si mimi peke yangu. Karibu wote, Mzee. Tangu ulipoungua mkono."

Aliketi. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilimwambia yote, haraka haraka: kwamba tuliogopa atafunga, kwamba yeye mwenyewe alisema atafunga, kwamba mkewe ana wasiwasi, kwamba mimi nampenda na sikutaka kuja jua kali nikute kibanda kina kufuli. Nililia kidogo. Sioni haja ya kuficha.

"Mlinihurumia," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Sikiza." Aliinua mikono yote miwili akaniwekea mbele ya uso. Kwenye kile kiganja kovu lilikuwa limeng'aa. "Nguvu ya kupiga niko nayo. Macho ya kuona denti niko nayo. Kilichoenda ni mkono ya kujua nimemaliza. Hiyo tu. Nikasema, sawa, hawa watu wako na mikono, nitawauliza. Wakisema bado, nitapiga tena. Ningepiga hata siku mbili. Unadhani ningechoka? Lakini kila mtu iko sawa, iko sawa, iko sawa. Nikasema, ah, kumbe mkono bado iko. Nikaacha kuhangaika." Alishusha mikono. "Mlinifanya mimi mjinga kwa kazi yangu mwenyewe."

Sijawahi kusikia jambo lililonichoma vile. Miezi yote tulidhani tunamlindia kibanda, kumbe ndio tuliokuwa tukikifunga, mteja mmoja mmoja, kwa adabu. Na alikuwa ameliona jibu mbele yetu sote. Alikuwa akituomba vidole, nasi tukampa pole.

"Utafunga, Mzee?" nikauliza.

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, kwa sababu yeye na sharti lake walikuwa wameishi pamoja miaka mingi.

"Nilisema nikitoa tangi ikiwa na wimbi," alisema. "Hii yako iko hapa kwa meza. Haijatoka."

"Na yale mengine?"

"Hayo mengine sikutoa mimi. Hayo mlinitoroshea."

Jamaa wa rangi alicheka kabla hajajizuia. Mzee alimnyooshea nyundo bila kugeuka. "Wewe nitakuja kwako. Kwanza washa redio, na si hiyo stesheni yako."

Kisha akanishika kifundo cha mkono. Hakuwa amewahi kunishika mkono hivyo. Akaukokota juu ya meza, akaweka vidole vyangu vinne kwenye bati, chini kidogo ya alama za nyundo, akavikandamiza kama mtu anayepanda mbegu. Mkono wake ulikuwa baridi, na najua kwamba yeye hakuusikia wangu.

"Fumba macho," aliniambia.

Nikafumba. Nikasikia fimbo ikisogea ndani ya tangi, ikitafuta, ikatulia chini ya vidole vyangu. Nyundo ikapiga. Bati likainuka kidogo, kiasi cha unene wa karatasi.

"Sasa?"

Lilikuwa karibu. Mtu mwingine angelipitisha. Sauti yake ilikuwa ileile ya mwaka jana, ya mtu aliyeshika ukingo wa meza, na kila kitu ndani yangu kilitaka kumwambia ndiyo.

"Bado," nikasema.

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ameinamia tangi, ameuma ulimi, uso umemchangamka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Wapi?" akauliza, na akainua nyundo.